Bibi wa Ngome wa Ghorofa ya Nne

Sista alikula wa mwisho. Hata siku ambazo chungu kilijaa na viti vyote vilikuwa vitupu, alisubiri sisi tumalize, tunawe, tuondoe vyombo, ndipo achukue sahani yake ya ugali uliopoa na kuila amesimama karibu na dirisha. Mwanzoni nilidhani anatuona wachafu. Mimi hasira zangu ziko karibu, na nilimwambia wazi kwamba kama chakula cha Waislamu kinamtia kinyaa aseme tujue. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akanieleza kwamba kwa miaka kumi na mmoja, kwenye nyumba ya watawa huko Kivu, chini ya masista wa Kijerumani, yeye ndiye aliyekuwa msomaji wa mezani. Wenzake walikula kimya, kijiko kisilie, naye alisimama mbele yao na kuwasomea. Walipomaliza wao ndipo alipokula yeye. Tumbo lake, alisema, limezoea kitu kilichopoa, likipewa cha moto linauma.

Sijui alizaliwa wapi hasa wala watu wake walikuwa akina nani, na sitajifanya najua. Nilipomfahamu alikuwa ameshaacha utawa siku nyingi, lakini jengo letu zima la Berea, hapa Joburg, lilimwita Sista, kuanzia mlinzi wa getini hadi vijana wa ghorofa ya kwanza ambao hawakumheshimu mtu mwingine yeyote. Nami nitamwita hivyo hivyo. Nimeishi naye fleti moja miaka sita. Namwandika sasa kwa sababu binti yangu Rehema hayuko nami leo, na katika jambo hilo Sista yumo, na kitabu chake kimo.

Tulikuwa watu saba. Mimi, mume wangu na Rehema tulikodi chumba cha upande wa barabara, na cherehani yangu ilikaa kwenye kibaraza kilichozibwa kwa vioo. Wasichana watatu wa Kikongo wanaosuka nywele walikuwa na chumba cha pili. Sista alilala sebuleni nyuma ya kabati la nguo, mahali panapotosha kitanda kimoja na msalaba mmoja. Lifti ilikufa kabla hatujahamia, na hakuna aliyeililia.

Kitabu chenyewe alikilalia chini ya mto. Kilikuwa karatasi zilizopigwa taipu na kutolewa kwa stensili, zikashonwa kwa uzi mweupe na kuvikwa jalada la kadibodi ya buluu. Ndani yake mlikuwa na maisha ya mke wa kabaila mmoja wa Kijerumani wa zamani sana, enzi za ngome na farasi na mapanga, ambaye masista wale walimhesabu kama mama yao. Alikuwa na jina refu ambalo Sista alilitamka kama mtu anayekohoa. Sisi tulimwita Bibi wa Ngome, yakaisha.

Kila Jumapili tulipokula pamoja, Sista alisimama na kutusomea sura moja. Hakuna aliyemwomba na hakuna aliyemkataza. Akisoma, alisoma Kiswahili cha misheni kilichonyooka kama shati lililopigwa pasi. Akifunga kitabu, palepale alirudi kwenye Kiswahili chake cha Kivu na kumgombeza mtu juu ya sufuria. Wasichana wa nywele walipenda sehemu za harusi na nguo. Rehema alipenda farasi. Mimi nilijifanya sisikilizi, nakata kitambaa, lakini ikifika patamu mkasi ulisimama wenyewe.

Ukimuuliza, "Kisha ikawaje?" alijibu neno moja tu: "Itasomwa." Hakuwahi kumdokezea mtu la mbele. Na neno hilo lilitoka kitabuni likazoea nyumba. Maji yatarudi leo? Itasomwa. Watampa Rehema karatasi za shule bila cheti cha kuzaliwa? Itasomwa. Nilikuwa nikimwiga mbele ya wasichana, nimejifunga taulo kichwani, tukicheka. Siku mume wangu alipoanza kukohoa usiku na mchana, nikamuuliza Sista kwa utani tu kama atapona, naye akaniangalia kitambo, akasema, "Itasomwa." Tangu siku hiyo sikumwiga tena.

Kulikuwa na mengi kwake yasiyopatana. Alisifu ufukara wa Bibi wa Ngome, jinsi alivyovua mikufu na kula mkate wa shayiri, huku yeye mwenyewe akitia vijiko saba vya sukari kwenye kikombe kimoja cha chai na kukipa mgongo ili tusihesabu. Alihubiri upole, halafu alishuka ngazi zote nne kwenda kumtukana msimamizi wa jengo kwa Kifaransa, na aliporudi alitubu kwa sauti kubwa ili na sisi tusikie. Aliweza kukutajia ukoo wa yule Mjerumani hadi kizazi cha saba: nani alimwoa nani, ni shangazi yupi alipewa mtawala mzee kwa ajili ya daraja la mto, ni mjomba yupi alimtoboa ndugu yake macho. Ukimuuliza baba yake yeye Sista aliitwa nani, alikuwa na nguo za kuanua.

Mtu wake mmoja tu tulimjua, naye tulimjua kwa sauti. Alikuwa mpwa wake wa Bukavu, mwanamke mtu mzima, aliyempigia simu Jumapili baada ya kanisa. Simu ikilia Sista alisimama kwanza. Alinyoosha kitambaa chake kichwani, akafunga kifungo cha juu cha gauni, ndipo akabonyeza. "Shangazi, jambo," sauti ilisema, na sisi sote tulisikia, maana simu yake ilikuwa na kipaza sauti kilichoharibika kikiwa wazi. Waliongea habari za mvua na bei ya unga. Dakika tatu, nne, basi. Kisha Sista alikwenda kukaa nyuma ya kabati, na kwa saa nzima ukimwita haitiki. Niliwaambia wasichana kwamba sijaona shangazi anayejipamba kuzungumza na simu. Nilikuwa mjinga wa kusema.

Maisha ya Bibi wa Ngome hayakuwa hadithi ya kumlaza mtoto. Alipokuwa na miaka mitano alitolewa kwao, akapelekwa mwendo wa siku kumi na mbili akalelewe kwenye ngome ya mvulana atakayemwoa. Ndivyo walivyofanya watu wakubwa wa kwao, binti alikua mikononi mwa wakwe ili azoee mapema. Kitanda chake kilifunguliwa mbao mbao, kikapakiwa kwenye mkokoteni pamoja naye. Mama yake alisimama dirishani na hakupunga mkono, kwa sababu, kitabu kilisema, alikwisha kumtoa kwa Mungu na kitu kilichotolewa hakishikwi tena. Rehema alikuwa na miaka mitano vilevile siku tuliposomewa hiyo. Alishuka kwenye kiti, akaja kukaa juu ya miguu yangu na pini zangu zote.

Wasichana wa nywele walianza kusema kwamba sura zile zinaleta mambo. Sista aliposoma moto wa maghala ya ngome, wiki ileile sanduku la umeme la jengo liliungua na tukakaa gizani siku tisa. Aliposoma baridi iliyoua ng'ombe, maji yalikatwa. Niliwaambia kwamba Berea maji yanakatwa hata usiposoma kitu, na sanduku lile lilikuwa likitoa cheche tangu tunahamia. Lakini nitasema ukweli. Alipofika sura ambayo mume wa Bibi anaondoka kwenda vitani ng'ambo ya milima, nilitaka kumwomba airuke. Niliona aibu. Akasoma yote, jinsi Bibi alivyomfunga mumewe mkanda, jinsi farasi alivyogoma mara tatu langoni. Mume wangu alisikiliza mpaka mwisho, akiwa na leso mdomoni.

Alifariki mwezi wa Julai, hospitali, mapafu. Tulimzika siku hiyohiyo, kama inavyotakiwa, huku huku, kwenye upande wa Waislamu, na kwao Tanga walilia kwa simu. Mume wa Bibi wa Ngome naye alikufa kwa homa ugenini. Wajerumani wa wakati ule walimchemsha maiti mpaka mifupa ikatoka safi, wakaileta nyumbani ndani ya kisanduku cha ngozi, na mkewe akakipakata kama mtoto. Sura hiyo Sista hakutusomea mezani. Alinisomea peke yangu, na aliisoma taratibu.

Nilikuwa eda. Miezi minne na siku kumi sitoki, nimevaa vyeupe, nashona kazi nilizoletewa mlangoni. Watu walikuja mwanzoni, kisha wakapungua, ndivyo watu walivyo. Sista hakupungua. Kila alasiri alivuta kiti hadi kwenye kibaraza changu na kusoma, sauti yake ikishindana na cherehani. Mjane wa Kiislamu anasomewa mjane wa Kikristo, na wote wawili tunangoja mtu mmoja.

Mtu huyo ni shemeji. Kitabuni, ndugu wa marehemu hakuja na panga. Aliacha siku za maombolezo ziishe, akaja kwa adabu na joho la manyoya mabegani mwa mtumishi, zawadi ya mjane, akapiga goti. Akasema hakuja kunyang'anya. Watoto wanne ni wa ukoo, alisema, na ngome ya mwanamke mpweke si mahali pa kukuzia ukoo. Sista alipofika hapo aliweka kidole kwenye ukurasa, akanitazama juu ya miwani. Nilikanyaga cherehani kwa nguvu ili asiongee.

Kwa sababu wangu alikuwa ameshapiga simu. Kaka mkubwa wa mume wangu ni mtu mpole, na ningefurahi leo kama ningeweza kusema ni mbaya. Alisema nimalize eda yangu kwa utulivu, hana haraka, kisha atakuja kuzuru kaburi la ndugu yake na tuzungumze habari ya Rehema. Alizungumza nami kila Ijumaa. Hakuna Ijumaa hata moja aliyopandisha sauti.

Alikuja wiki mbili baada ya eda kwisha. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku akihema, maana ngazi nne zimeshinda watu wadogo kuliko yeye. Alileta tende, jozi ya kanga kwangu, na viatu vyeusi vya shule vya Rehema. Viatu vilimkaa sawasawa. Sikuwahi kumwambia mtu wa Tanga namba ya mguu wa mwanangu, nikamgeukia Rehema. Rehema mwenyewe akasema Baba Mkubwa alimuuliza kwa simu, siku nyingi, mimi nikiwa bafuni, naye akamtajia namba kwa Kiingereza.

"Shemeji," aliniambia, ameshika kikombe kwa mikono miwili, "mimi sikuja kukunyang'anya mtoto. Ni mwaka mmoja tu, apate shule, apate lugha ya babu zake. Huyu anaelewa nikisema, lakini hanijibu."

Ni kweli hakumjibu. Rehema wangu anasikia Kiswahili chote, hata cha Kivu, lakini mdomo wake uko shuleni na uwanjani, ni Kizulu na Kiingereza. Shemeji alimsemesha, naye akanigeukia mimi na kuninong'oneza kwa Kizulu. Nilimwona mzee wa watu anavyoumia. Na kulikuwa na sababu nyingine. Mwezi ule wanaume walikuwa wakipita mabarabarani na fimbo wakiimba wageni waondoke. Mpangaji mmoja wa spaza, kiduka cha mtaani, tunayemfahamu kule Soweto alifunga duka na hakulifungua tena. Shule ilikuwa ikidai karatasi ambazo sina. Nilipiga hesabu zote za maisha yangu na kila upande zilinitoa mtoto mkononi.

Lakini sikumtoa kwa ajili ya hizo. Nilimtoa kwa ajili ya sura moja.

Ilikuwa bado eda, umeme umekatwa kwa zamu, jioni inaingia na cherehani imesimama. Nilimuuliza Sista swali nililolikwepa miezi mitatu. Watoto wa Bibi wa Ngome, walipochukuliwa, walirudi? Nilitegemea neno lake lilelile. Akafungua kitabu na kusoma. Miaka saba ilipita, alisoma. Binti mdogo alitoroka kwa wakwe, akatembea kwenye theluji hadi nyumba ya wagonjwa alipokuwa mama yake. Mama amekonda, amenyolewa nywele, amevaa gunia, na mtoto hakumjua sura. Ndipo alipoona mkono wa kulia wa yule mwanamke, kidole cha shahada chenye vitundu vya sindano, kile kilichomshonea nguo zake zote za utoto. Akakimbia. Mama akasikia miguu, na kabla hajageuka akajua ni ya nani.

Nililia mpaka nikakosa haya. Nilikuwa na kidole changu mdomoni. Alisoma muda mrefu, kiza kikizidi, na sikumbuki kumwona akifunua ukurasa hata mara moja. Nilidhani amehifadhi.

Baada ya hapo moyo wangu ulilegea. Nilijiambia kwamba kumbe mtoto huondoka na hurudi, kidole changu kinatosha kuwa alama. Shemeji alipoomba nimshonee Rehema sare ya shule ya kule, sketi ya buluu na blauzi nyeupe, nilikubali. Hakuna aliyenishika mkono. Nilimpima mwanangu mbele ya kioo, mabega, kiuno, urefu hadi chini ya goti, na niliacha upindo mpana wa vidole vinne ili nguo iongezwe akirefuka. Fundi anayetegemea mwaka mmoja haachi vidole vinne. Mkono ulijua, kichwa ndicho kilichokataa kujua.

Siku ya mwisho, mkoba umesimama mlangoni, Rehema alikwenda nyuma ya kabati kumuaga Sista. Alimwita Gogo, kama watoto wa huku wanavyomwita bibi. Nilisikia anamuuliza, kwa Kiswahili, tena Kiswahili safi ambacho hajawahi kunisemesha mimi, "Gogo, yule mtoto alirudi kweli?"

Nilingoja. Nilikuwa na uhakika atasema itasomwa.

"Alirudi," Sista akasema.

Basi liliondoka Januari. Nilisimama na kupunga mkono mpaka robot, taa ya barabarani, ikawaka kijani na basi likakata kona.

Miezi miwili baadaye miguu ya Sista ilivimba, ngazi zikamshinda, na watu wa parokia yake wakamtafutia chumba cha uani huko Kensington, nyuma ya duka la kutengeneza viatu. Wasichana wa nywele walimteremsha kwenye kiti. Kitabu alikishika mwenyewe. Nilimtembelea mara moja, kisha nikawa na kazi nyingi, au nilijisemea hivyo. Kabati lilibaki sebuleni limefunika nafasi tupu, na hakuna aliyelisogeza.

Rehema alinipigia kila Jumapili. Mwanzoni alilia, nami nikalia. Kisha akaanza kueleza mambo: mwalimu wa hesabu, paka, mafenesi. Kiswahili chake kilinyooka haraka, kikawa cha Tanga kabisa, akaanza kuchekea cha kwangu kilichochafuliwa na Joburg. Alimwita mke wa shemeji Mama Mkubwa, kama inavyopasa. "Mama Mkubwa amenisuka. Mama Mkubwa amesema nikusalimie." Nilishukuru. Ni mwanamke mwema na hajajaliwa mtoto.

Jumapili moja tulikuwa katikati ya mazungumzo. Rehema akasema, "Mama." Nikasema, "Naam." Akasema tena, sauti imegeuka pembeni, "Mama, chai inamwagika huko jikoni." Kisha akarudi kwangu na kuendelea na habari za paka. Hakugundua kitu. Mimi nilibaki na lile naam langu.

Jumapili iliyofuata sikungoja simu. Nilipanda teksi hadi Kensington.

Sista alikuwa amekaa kitandani, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Alikuwa amezeeka miaka kumi kwa miezi sita. Chai yake ilikuwa pembeni, na sukari, na safari hii hakuificha. Akaniambia, "Umekonda, mama Rehema." Nikamweleza habari ya naam. Hakusema pole. Alitazama maji ya beseni kana kwamba kuna kitu kimedondokea humo.

Nikamwambia, "Nisomee ile sura ya mtoto aliyerudi."

Akatoa kitabu chini ya mto. Miaka sita hakuwahi kuniachia hata nikifute vumbi. Akaninyooshea.

"Soma weye," akasema.

Nilikipokea kwa mikono miwili. Nilitafuta. Nilipitia mkokoteni na kitanda, farasi aliyegoma, kisanduku cha ngozi, joho la manyoya. Nikafika pale watoto wanapopakiwa. Kitabu kilisema Bibi aliwabusu mmoja mmoja, wala hakugeuka nyuma. Sura iliyofuata ni nyumba ya wagonjwa. Iliyofuata ni kifo chake, akiwa na miaka ishirini na tisa. Nikarudi nyuma. Mimi ni fundi, nikakunja jalada na kuangalia mshono, uzi mmoja mweupe kutoka juu hadi chini, haujakatwa mahali, haujarudiwa. Hakuna karatasi iliyochomolewa. Mistari ya mwisho ya kifo ndiyo pekee iliyomtaja tena mtoto. Binti yake aliletwa mazishini kutoka kwa wakwe, na alipofikishwa mbele ya jeneza akauliza maiti ni ya nani.

"Haipo," nikasema.

"Haiko," akasema Sista. "Haijakuwaka mu kitabu. Mi njo niliitunga."

Akaniambia yote akiwa anaangalia miguu yake. Alipata mtoto akiwa bado mtawa, wa kike, na masista wakamfukuza utawani. Alimlea miaka mitano kwa shida kwenye chumba cha kupanga. Na kichwani, kila siku, alikuwa na sauti yake mwenyewe ikisoma mezani.

"Nikawaza," akasema, "Bibi wa Ngome alitoa batoto bane, na mi nitashindwa kutoa mumoja? Nikamupa kaka yangu. Siku ile sikugeuka nyuma, nilifanya vile kitabu inasema." Akasogeza miguu majini. "Sasa ananiitaka shangazi."

Nilielewa taratibu, kipande kwa kipande: kitambaa cha kichwani, kifungo cha juu, saa nzima nyuma ya kabati. Na kidole. Kidole cha Bibi wa Ngome kilikuwa changu mimi, alikichukua kwenye cherehani yangu akakitia kwenye mkono wa Mjerumani aliyekufa zamani, ili nikiamini.

Nilimfokea. Nilimwambia mambo ambayo sitayaandika hapa, mengine juu ya dini yake, na nayajutia hayo ya dini tu. Nilimuuliza kwa nini alimwambia mwanangu kwamba yule mtoto alirudi.

"Nilitaka nisikie tu," akasema. "Vile inasikika, mutu akisema alirudi."

Simu yake ikalia. Ilikuwa Jumapili, baada ya kanisa. Sista alishika ukingo wa kitanda na kusimama, miguu yote miwili ndani ya beseni, maji yakamwagika sakafuni. Akanyoosha kitambaa. Akatafuta kifungo cha juu, na kwa kuwa hakukipata, niliweka kitabu chini nikamfungia mimi. Kabla hajabonyeza aliniambia kwa sauti ndogo, "Wende sasa. Kama hatakukimbilia, weye umukimbilie."

"Shangazi, jambo," sauti ikasema.

Sijamsamehe, na sijui kama nitamsamehe. Lakini sikuweza kusikia ile habari ya mvua na unga, nikatoka.

Jumatatu asubuhi nilikwenda ofisi ya mabasi karibu na stesheni. Shemeji sijamwambia. Najua atanikaribisha vizuri, atanichinjia kuku, na hatapandisha sauti, na hicho ndicho ninachokiogopa. Niliomba tiketi moja ya kwenda na mbili za kurudi. Karani alikuwa kijana wa Kitanzania, akacheka akasema wengi hufanya kinyume chake. Akaandika jina langu. Akaandika la Rehema. Akauliza abiria huyu wa pili ana umri gani.

"Tisa," nikasema.

Alipokuwa anaandika nikakumbuka picha niliyotumiwa mwezi uliopita, keki ya pinki, mishumaa, mwanangu amevaa sketi ya buluu ambayo upindo wake umeshashushwa, na mkono wa mwanamke umeshika wake juu ya kisu.

"Kumi," nikamwambia. "Futa, andika kumi."